Dawa ya Maumivu Nayo ni Dawa

Fika katika duka lolote la dawa, liwe la Manzese, Mwanjelwa au Kongowea, usikilize maelezo anayopewa mtu aliyekuja na cheti cha antibiotiki. Antibiotiki inakabidhiwa kwa uzito wake: hii ni kali, kula kwanza, usiruke, maliza dozi hata ukijisikia nafuu. Kisha inafuata dawa ya pili, ndani ya kibahasha cha kaki au katika kipande cha vidonge kilichokatwa kwa mkasi. "Hiyo ni ya maumivu tu, meza ukisikia maumivu." Maelezo yanaishia hapo. Mgonjwa haulizi jina la dawa, muuzaji halitaji, na mara nyingi daktari mwenyewe hakuiandika kwenye cheti.

Nyuma ya maelezo hayo kuna imani iliyoenea kwetu, kwa waliosoma na wasiosoma: antibiotiki ndiyo dawa, ya maumivu ni kitulizo tu. Antibiotiki inaogopwa, ya maumivu inazoeleka. Ndiyo maana mtu akiulizwa na daktari ametumia dawa gani, hujibu bila kusita kwamba hajatumia dawa yoyote, kumbe ana siku tatu anameza diklofenaki asubuhi na jioni. Hadanganyi. Kwa hesabu yake, hajatumia dawa.

Naipinga imani hiyo, na naipinga yote. Ukiondoa suala la mzio, ambalo kwa baadhi ya watu hufanya hata kidonge kimoja cha penisilini kuwa hatari ya kifo, dawa inayoweza kumwangusha mgonjwa katika jozi hizi za kila siku mara nyingi ni ile iliyokabidhiwa bila maelezo. Mtu aliyemeza amoksilini mara mbili ya alivyoandikiwa kwa siku moja kwa kawaida ataharisha au kuumwa tumbo. Mtu anayezidisha parasetamoli siku baada ya siku anaweza kupoteza ini. Mzee mwenye shinikizo la damu anayemeza diklofenaki huku akiharisha anaweza kuamka figo zimegoma. Tumeelekeza woga wetu kwenye kibahasha kisichostahili.

Kwanza niseme neno kuhusu imani ya upande wa pili, kwa sababu hizi mbili ni pacha. Wapo wanaoamini kwamba dawa ya maumivu haipaswi kabisa kumezwa pamoja na antibiotiki, eti inaua nguvu yake, au eti dawa mbili tumboni zinapigana. Wapo wazazi wanaomwacha mtoto akichemka kwa homa usiku kucha "ili antibiotiki ifanye kazi kwanza". Wapo wanaopishanisha kwa saa nne na wanaopishanisha kwa siku nzima. Huku ni kuteseka bure. Amoksilini huzuia bakteria kujenga ukuta wake, na sehemu kubwa yake hutoka mwilini kupitia figo. Parasetamoli hutuliza maumivu na kushusha homa, na ini ndilo linaloivunja. Hazigombanii njia wala kazi. Zinaweza kumezwa kwa saa ileile, kwa glasi ileile ya maji. Ndivyo ilivyo pia kwa parasetamoli na azithromaisini, parasetamoli na metronidazoli, parasetamoli na doksisaiklini.

Chukua mtu mwenye jipu la jino, uso umevimba, halali. Daktari wa meno anaweza kumpa amoksilini na metronidazoli, na pamoja nazo parasetamoli na ibuprofeni kwa wakati mmoja. Dawa nne. Kwa mtu mzima mwenye afya ya figo na tumbo, huo si uzembe. Parasetamoli na ibuprofeni kwa pamoja hutuliza maumivu ya jino vizuri kuliko kila moja peke yake, kwa sababu zinafanya kazi kwa njia tofauti. Anayemwambia mtu huyo avumilie kwa siku tano "asichanganye dawa" anamtesa kwa hoja isiyokuwepo.

Kwa hiyo sisemi watu waache dawa za maumivu wanapotumia antibiotiki. Nasema jambo gumu kidogo kuliko hilo: jibu linategemea ni dawa ipi ya maumivu, pamoja na antibiotiki ipi, ndani ya mwili wa nani. Anayesema "changanya, haina shida" na anayesema "usichanganye kabisa" wote wawili wamekwepa maswali hayo matatu.

Tuanze na parasetamoli, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima anaweza kumeza kimoja au viwili kila baada ya saa 4 hadi 6, na vyote kwa saa 24 visizidi vinane, yaani gramu 4. Ndani ya mpaka huo ni dawa salama mno, na ndiyo ya kwanza kufikiriwa kwa mtu anayetumia antibiotiki. Aliyekonda kwa maradhi, asiyekula kwa siku kadhaa, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe wa kila siku, mpaka wake uko chini zaidi, na inabidi aulize.

Shida ni kwamba mpaka huo unavukwa bila mtu kujua. Parasetamoli haiuzwi kwa jina moja. Imo katika Panadol, imo katika Panadol Extra pamoja na kafeini, imo katika dawa nyingi za mafua, imo katika vidonge vya mchanganyiko na aspirini, na imo katika vidonge vinavyoiunganisha na diklofenaki. Mgonjwa wa koo aliyepewa antibiotiki na parasetamoli, ambaye nyumbani ana dawa ya mafua na mkobani ana za kichwa, anaweza kumeza dawa hiyohiyo kwa majina matatu siku moja. Yeye anadhani ametumia dawa tatu tofauti, kila moja kwa kiasi. Ini lake linahesabu dawa moja.

Na ini halipigi kelele mapema. Sehemu ndogo ya parasetamoli hugeuka kuwa sumu ndani ya ini, na ini lina akiba ya kuizima sumu hiyo. Dozi ikizidi, akiba inaisha, na seli za ini zinaanza kufa. Katika siku ya kwanza mtu anaweza kuhisi kichefuchefu tu, au asihisi chochote. Madhara makubwa hujitokeza siku ya tatu au ya nne, macho yakiwa ya njano na akili imeanza kuvurugika. Ipo dawa ya kuzuia madhara hayo, asetilisisteini, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa chache za mwanzo, zile ambazo mgonjwa bado anajiona mzima.

Atakayesema natia chumvi aangalie Uingereza ilichofanya. Mwaka 1998 nchi hiyo ilipunguza kwa sheria idadi ya vidonge vya parasetamoli katika pakiti moja: 16 kwa maduka ya kawaida, 32 kwa famasi. Wananchi wake walikuwa wakifa kwa kuzidisha dawa hiyohiyo ambayo sisi tunaipokea gengeni pamoja na chenji. Huko, na Marekani vilevile, kuzidisha parasetamoli kumekuwa sababu kuu ya ini kufa ghafla.

Kwa watoto kosa hutokea kwenye kijiko. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa saa 24. Lakini dawa ya maji ya parasetamoli haina nguvu moja. Ipo yenye miligramu 120 katika mililita 5, na ipo yenye 250. Mama aliyezoea kijiko kimoja cha ile ya kwanza, akinunua ya pili na kuendelea na kijiko kilekile, amemzidishia mwanawe zaidi ya mara mbili. Hakufanya uzembe. Hakuna aliyemwonyesha namba ile kwenye chupa, kwa sababu aliyemuuzia naye aliamini hiyo ni ya homa tu. Aspirini ndiyo asipewe mtoto kabisa bila daktari. Uingereza iliizuia kwa watoto wa chini ya miaka 12 mwaka 1986, kisha mwaka 2002 ikapandisha umri huo hadi 16, kwa sababu ya ugonjwa wa Reye, unaoharibu ubongo na ini la mtoto aliyetumia aspirini akiwa na maambukizi ya virusi.

Sasa kundi la pili, ambalo hatari yake kwa mtumiaji wa antibiotiki ni kubwa zaidi: ibuprofeni, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Brufen, diklofenaki, indomethasini na aspirini yenyewe. Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi, na mwaka 1982 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Dawa hizi huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo huleta maumivu, homa na uvimbe, na ndiyo maana dawa inaleta nafuu. Lakini kemikali hizohizo hulinda utando wa tumbo dhidi ya asidi, na hupanua mishipa ya figo ili damu ipite mwili unapopungukiwa maji. Kidonge hakichagui. Kinapozima maumivu ya jino, kinapunguza pia ulinzi wa tumbo na wa figo.

Hebu mwangalie basi mtu anayetumia antibiotiki ni mtu wa namna gani. Ni mgonjwa. Ana homa, anatoka jasho. Hamu ya kula hana. Pengine anatapika au anaharisha, ama kwa ugonjwa wenyewe, ama kwa antibiotiki, maana kuharisha ni miongoni mwa madhara yake ya kawaida. Mwili wake umepungukiwa maji na tumbo lake ni tupu. Huyu ndiye mtu ambaye figo zake zinazihitaji mno prostaglandini, na ndiye tunayempa diklofenaki kwa maneno mawili. Dawa ambayo mtu mzima wa afya angeimeza baada ya ugali na maharage bila kudhurika, kwake ni jambo jingine kabisa. Hatari hii haitokani na antibiotiki kupigana na dawa ya maumivu. Inatokana na hali ileile iliyomfanya aandikiwe antibiotiki, na wanaohesabu kidonge hiki kuwa kidogo hawaioni kwa sababu hawamtazami mgonjwa, wanatazama vidonge.

Zipo pia jozi ambazo dawa zenyewe hazipatani. Sindano ya jentamaisini inaweza kuumiza figo. Ukiongeza diklofenaki, iwe kidonge au ile sindano ya maumivu inayopendwa sana kwetu, umeziongezea mzigo juu ya mzigo. Dawa za kundi la siprofloksasini zina onyo kwamba zikitumiwa pamoja na ibuprofeni na jamaa zake huongeza uwezekano wa degedege, hasa kwa mwenye kifafa. Kundi hilohilo linaweza kuharibu kano, hasa ile ya nyuma ya kisigino, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilililazimisha kubeba onyo hilo kwa uzito wa juu kabisa mwaka 2008. Mtu anayetumia Cipro akapata maumivu ya kisigino, akayazima kwa diklofenaki na kuendelea na shughuli, amefunika ishara ambayo ingemfanya aiache dawa hiyo na arudi kwa daktari mapema. Doksisaiklini inaweza kuchoma koo la chakula ikikwama njiani, na ibuprofeni vivyo hivyo. Anayezimeza kwa funda moja la maji kisha akalala anajitafutia kidonda.

Mwenye shinikizo la damu anayetumia dawa za kundi la kaptoprili au losatani, pengine pamoja na kidonge cha kukojoza, akipewa Septrin kwa maambukizi ya njia ya mkojo na ibuprofeni kwa maumivu ya kiuno, figo zake zinabanwa kutoka pande zote, na madini ya potasiamu yanaweza kupanda katika damu kiasi cha kuvuruga mapigo ya moyo. Mwenye vali ya bandia ya moyo anayetumia wafarini ajue kwamba metronidazoli na Septrin huongeza nguvu ya wafarini. Akitia aspirini au ibuprofeni juu yake, anaweza kuvuja damu tumboni. Mjamzito, ambaye mara nyingi huandikiwa antibiotiki kwa UTI, asimeze ibuprofeni wala diklofenaki bila daktari, hasa kuanzia wiki ya 20, kwa sababu ya figo na moyo wa mtoto aliye tumboni. Na mgonjwa wa kifua kikuu, anayemeza rifampisini na aisoniazidi kwa miezi sita, ini lake lina kazi nzito tayari; parasetamoli kidogo inaweza kuruhusiwa, lakini kuimeza kila siku kwa mazoea bila kuwaambia wahudumu wa kliniki yake ni kucheza na uhai.

Mwaka 2019 mamlaka ya usalama wa dawa ya Ufaransa, ANSM, ilitoa tahadhari nzito. Ilikuwa imepokea taarifa za wagonjwa ambao maambukizi yao ya bakteria yalizidi kuwa mabaya, kwenye ngozi, mapafu na kwingineko, baada ya kutumia ibuprofeni au ketoprofeni kwa homa na maumivu. Baadhi yao walikuwa tayari wanatumia antibiotiki. Ushahidi wa aina hiyo haumalizi mjadala, kwa sababu huenda baadhi walimeza dawa hizo kwa kuwa walikuwa wamezidiwa tangu mwanzo. Hata hivyo mamlaka ile iliona unatosha kuwashauri watu waanze na parasetamoli mtu anapokuwa na maambukizi ya kawaida, na kuanzia Januari 2020 Ufaransa ikazitoa ibuprofeni na parasetamoli kwenye rafu za kujichukulia, zikawekwa nyuma ya kaunta ili mnunuzi alazimike kuzungumza na mfamasia.

Kwetu Pwani ipo sababu ya ziada. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Dengi huanza kwa homa kali na maumivu ya viungo na ya nyuma ya macho, na dalili hizo ni rahisi kuzichukulia kuwa malaria, taifodi au UTI. Mgonjwa anaweza kutoka zahanati na antibiotiki isiyomsaidia chochote, kwa kuwa dengi ni virusi, pamoja na diklofenaki inayoweza kumuua, kwa kuwa dengi hupunguza chembe sahani zinazogandisha damu, na dawa za kundi hilo huongeza uvujaji. Shirika la Afya Duniani linaelekeza parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni. Mtu akitazama mfuko wa dawa zile, antibiotiki ndiyo itakayomtia wasiwasi. Iliyo hatari ni ile nyingine.

Zaidi ya madhara ya mwilini kuna dhara jingine, la kupotosha akili ya mgonjwa. Dawa ya maumivu huleta nafuu ndani ya saa moja. Antibiotiki, hata ikiwa sahihi, huchukua siku mbili au tatu kabla mgonjwa hajaiona kazi yake. Asiyejua nani anafanya nini huisoma nafuu vibaya kwa njia mbili. Wa kwanza anameza zote mbili Jumatatu, jioni homa imeshuka, Jumatano anaacha antibiotiki akiamini amepona, kumbe aliyempoza ni parasetamoli. Wa pili anameza zote mbili, parasetamoli inaisha nguvu baada ya saa chache, homa inarudi usiku, asubuhi anaenda duka jingine kusema antibiotiki ile haifai, na anauziwa kali zaidi. Ndivyo tunavyopanda ngazi kutoka amoksilini hadi Cipro hadi sindano, bila kipimo chochote. Tunapolia kwamba bakteria wamekuwa sugu, tusisahau kidonge cha pili na ukimya unaokizunguka.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Nimemeza Diclo na Panadol maisha yangu yote, sijafa." Sina sababu ya kubisha. Wengi wanaovuka barabara bila kutazama nao hufika. Lakini mwili ulioizoea dawa ukiwa na miaka 25 si mwili wenye miaka 60, shinikizo la damu na sukari. Kutodhurika jana kulitokana na figo ulizokuwa nazo jana. Na wale waliodhurika hawako kwenye mazungumzo haya ya barazani. Wapo kwenye mashine za kusafisha damu, au walitapika damu na ndugu wakaambiwa ni vidonda vya tumbo, bila yeyote kuuliza vidonda vilitoka wapi.

La pili lina nguvu zaidi: "Zingekuwa hatari, serikali isingeruhusu ziuzwe bila cheti." Kuuzwa bila cheti hakuna maana ya kuwa dawa haina madhara. Maana yake ni kwamba mamlaka imeona mtu mzima anaweza kuitumia mwenyewe, kwa muda mfupi, akifuata maelezo. Ibuprofeni kwa kujitibu mwisho wake ni miligramu 1,200 kwa siku. Ruhusa na maelezo huenda pamoja. Tumechukua ruhusa tukatupa maelezo. Tena ruhusa yenyewe si ya milele. Uingereza iliruhusu vidonge vya diklofenaki viuzwe bila cheti, halafu mwezi Januari 2015 ikaifuta ruhusa hiyo kwa sababu ya hatari kwa moyo.

La tatu ni la uchungu na nalipokea kwa heshima: "Foleni hospitalini ni ndefu, daktari yuko mbali, watu hawana pesa, unataka maskini wakose hata kidonge cha maumivu?" Hapana. Nataka maskini wapate kidonge chenye jina. Mwaka 2003 Tanzania ilianzisha mkoani Ruvuma mpango wa Duka la Dawa Muhimu, ambao umeenea nchi nzima, kwa sababu ilijulikana kwamba mwananchi wa kijijini hutibiwa kwanza na muuza dawa. Wauzaji wake walipewa mafunzo, na maduka yakaruhusiwa kuuza baadhi ya antibiotiki. Ukaribu huo ni neema. Lakini muuzaji aliyeaminiwa kutoa antibiotiki hashindwi kusema sentensi tatu kuhusu dawa ya maumivu. Sentensi tatu hazina gharama. Kulazwa kwa figo kunaweza kula shamba la familia nzima.

Kwa hiyo madai yangu ni machache na hayahitaji bajeti. Daktari anayeandika antibiotiki aandike na dawa ya maumivu kwa jina, kiasi na siku, asimwachie mgonjwa akachague dirishani. Kabla ya kuandika, aulize kwa kutaja: umetumia Panadol, Diclo, Brufen, dawa ya mafua? Akiuliza "umetumia dawa gani" atajibiwa hakuna. Muuzaji aandike jina la dawa juu ya kila bahasha. "1×3" peke yake haimwambii mtu anameza nini. Akikata vidonge, aache kipande chenye jina na tarehe ya kuisha muda. Baraza la Famasi na TMDA kwa Tanzania, na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, wakague bahasha kama wanavyokagua leseni ukutani. Dawa isiyo na jina mkononi mwa mgonjwa ihesabiwe kuwa kosa la aliyeitoa.

Na wewe msomaji, ukiandikiwa antibiotiki, usiondoke dirishani kabla ya kujua jina la dawa ya maumivu na kama ni parasetamoli au ni ya kundi la ibuprofeni. Kama huna sababu ya kufanya vinginevyo, anza na parasetamoli, na uhesabu vidonge vyako vya saa 24 pamoja na vilivyomo ndani ya dawa ya mafua. Ibuprofeni au diklofenaki, meza baada ya chakula na maji mengi, kwa siku chache, na usimeze zote mbili kwa pamoja. Usiziguse bila kuuliza kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, shinikizo la damu, mimba, pumu inayoamshwa na aspirini, au homa ambayo haijajulikana chanzo wakati dengi imeenea. Ukipata choo cheusi kama lami, macho ya njano, mkojo uliopungua sana, uso kuvimba au kupumua kwa shida, acha kumeza na uende hospitali siku hiyohiyo, ukiwa na bahasha zote mkononi. Maumivu yakiisha, acha dawa ya maumivu. Antibiotiki endelea nayo kama ulivyoelekezwa. Homa ikiendelea baada ya siku tatu za antibiotiki, rudi kwa aliyekutibu, usiende duka jingine.

Ukiulizwa umetumia dawa gani, zitaje zote. Hakuna dawa ya maumivu tu. Kuna dawa, na kila dawa ina jina, kipimo na mwisho wake.